GEORGE WHITEHOUSE: MHANDISI ALIYEPITISHA RELI MLANGONI PETU

Na mwanafunzi wa Kidato cha Tatu

Nawaletea maisha ya mtu ambaye jina lake sote tumelisoma katika somo la historia, tukaliandika daftarini, tukalikariri kwa ajili ya mtihani, kisha tukalisahau. Mtu huyo ni George Whitehouse, mhandisi mkuu wa reli iliyotoka Mombasa hadi Ziwa Viktoria.

Pengine utauliza, ndugu msomaji, yanihusu nini maisha ya Mwingereza aliyekufa zamani? Yakuhusu sana. Ukiishi Kipevu, Changamwe, Miritini au Jomvu, wewe ni jirani wa reli. Bandari anayofanyia kazi baba yako au mjomba wako, na hata sababu ya mji mkuu wa nchi yetu kuwa Nairobi badala ya Mombasa, yote hayo yana mkono wa bwana huyu. Tena miaka hii yetu mjadala wa reli umerudi: ipite wapi, ibebe nini, nani alipe. Anayetaka kuuelewa mjadala wa leo, heri aanze na ule wa kwanza.

UJANA WAKE

George Whitehouse alizaliwa nchini Uingereza mwaka wa 1857. Wakati huo reli ilikuwa ndiyo habari ya dunia. Alipokuwa mtoto wa miaka sita hivi, yaani mwaka wa 1863, jiji la London lilifungua reli ya kwanza duniani ya kupitia chini ya ardhi, kwa sababu barabara za juu zilikuwa zimejaa mikokoteni na watu. Mtoto aliyekulia nyakati hizo aliona kwamba mji ukikua, lazima watu wakae chini wapange njia.

Alipokuwa mtu mzima aliifanya reli kuwa kazi yake. Alijenga njia za reli ng'ambo, zikiwemo Afrika Kusini na India. Kwa hivyo alipotumwa kwetu hakuwa mwanagenzi. Alikuwa fundi aliyekwisha kuonja jua, homa na matope ya nchi za mbali.

MJADALA KABLA YA CHUMA

Kabla hajafika, maneno yalikuwa yamesemwa mengi. Kampuni ya William Mackinnon, iliyopewa hati na serikali ya Uingereza mwaka wa 1888, ndiyo iliyokuwa ikisimamia sehemu hizi. Mwaka wa 1890 kampuni hiyo ilianza kulaza reli nyembamba ya kuelekea bara. Haikwenda mbali, pesa zikaisha. Vyuma vyake vikaja kutumika kisiwani Mombasa, vikalazwa katika njia za mji, na juu yake vikapita vigari vidogo vya kubeba abiria vilivyosukumwa na watu kwa mikono. Vigari hivyo vilidumu miaka mingi. Ukipenda, hiyo ndiyo reli ya kwanza ya ndani ya mji wetu, na injini yake ilikuwa miguu ya Mwafrika!

Mwaka wa 1891 na 1892, Kapteni Macdonald aliongoza msafara wa kupima njia kutoka pwani hadi ziwani. Kampuni ilipofilisika, serikali ya Uingereza ikaichukua nchi tarehe 1 Julai 1895, na mzigo wa reli ukawa wake.

Hapo ndipo Bunge la London lilipogawanyika. Upande mmoja walisema reli yahitajika. Uganda ni mbali, wapagazi wachukua miezi mitatu hivi kufika, biashara ya watumwa bado yaendelea, na Wajerumani nao wameanza kujenga ya kwao kutoka Tanga tangu 1893. Upande wa pili, ukiongozwa na mbunge Henry Labouchere, waliicheka. Waliuliza itabeba nini, itamfaa nani, na kwa nini raia wa Uingereza alipie njia inayopita nyika tupu. Mwisho wa yote, mwaka wa 1896 Bunge liliidhinisha pauni milioni 3.

Hebu tutazame jambo moja, wenzangu. Katika mjadala wote huo walizungumza mabwana wa London peke yao. Mijikenda, Waswahili, Wakamba, Wamaasai na Wanandi, ambao reli ingepita mashambani na malishoni mwao, hakuna aliyewauliza. Hilo ni jambo la kukumbuka tunapoendelea.

ALIPOFIKA MOMBASA

Whitehouse alishuka Mombasa mwezi wa Desemba 1895, akiwa na umri wa miaka 38. Alichokikuta hakikumfurahisha. Bandari iliyotumika ilikuwa ile ya Mji wa Kale, nzuri kwa majahazi lakini finyu kwa meli kubwa za kuleta injini na maelfu ya mataruma. Hapakuwa na gati la maana, ghala, karakana, nyumba za wafanyakazi wala maji ya kutosha. Nchi yenyewe ilikuwa katika vita, kwa kuwa Mbaruk bin Rashid na Mazrui wenzake walikuwa wameinuka kupigana na Waingereza, na vita hivyo havikwisha mpaka mwaka wa 1896.

Mtu mwenye pupa angeanza kulaza reli mara moja apate sifa. Whitehouse alianza na mpango. Macho yake yaliangukia upande wa pili wa kisiwa, Kilindini. Jina lenyewe latosha kutueleza: pale maji ni kilindi, na pana nafasi ya kujenga. Akajenga gati la muda, maghala na karakana, mizigo ikawa yaletwa ufukoni kwa matishari. Tangu hapo Kilindini ikapanda na bandari ya kale ikashuka. Mwaka wa 1926, magati mawili ya kwanza ya maji mengi yalikuwa yamekwisha kujengwa Kilindini, na leo bandari imevuka maji ikaja huku kwetu. Kituo cha pili cha makontena kilichoanza kazi mwaka wa 2016 kiko upande wa Kipevu.

KUVUKA MAKUPA

Fumbo la kwanza lilikuwa maji. Mombasa ni kisiwa, na reli haiogelei. Angeweza kuianzisha huku bara, Changamwe au Kipevu, lakini kila mzigo na kila abiria wa kisiwani angelazimika kuvushwa kwa chombo. Wenzangu wa Likoni, mnaosubiri feri asubuhi mkiwa na vitabu mkononi, nyinyi mwajua vizuri adha ya kuvuka maji kila siku.

Basi ukajengwa daraja la muda la mbao kuvuka mkono wa bahari wa Makupa, mwaka huo wa 1896. Baadaye likafuatwa na daraja la chuma, likaitwa Salisbury kwa jina la Waziri Mkuu wa Uingereza wa wakati huo. Reli ilipovuka tu, ikapanda mlima wa Changamwe. Ndiyo kusema kwamba ardhi ya kwanza ya bara kukanyagwa na reli ya Kenya ni hii yetu tunayoitembea kila siku kwenda shule.

Whitehouse alipokwisha kuondoka nchini, daraja lile nalo liliachwa, kukajengwa tuta la mawe na udongo. Tuta lilipitisha magari lakini liliziba maji yasipite upande hadi upande. Mwaka wa 2022 likafunguliwa daraja jipya la Makupa ili maji yapite tena. Mwaona jinsi uamuzi wa mhandisi mmoja unavyoweza kuhitaji kurekebishwa na wajukuu wa wajukuu.

WALIOIBEBA MABEGANI

Sasa tufike kwenye jambo ambalo vitabu vingi hulipita mbio. Whitehouse hakujenga reli kwa mikono yake. Aliona hapa hapapatikani mafundi wala vibarua wa kutosha, serikali ikaamua kuleta watu kutoka India. Kundi la kwanza la watu 350 lilifika Januari 1896, kwa mkataba. Mpaka kazi inakwisha, walikuwa wameletwa 31,983. Hata upana wa reli ulifuata India: wakachagua mita moja, kwa vile injini na mabehewa ya kipimo hicho yangeweza kupatikana huko.

Waafrika nao walifanya kazi. Walikata msitu, walichimba, walibeba maji na mataruma. Majina yao hayakuandikwa, hata idadi ya waliokufa haikuwekwa vizuri.

Mwaka wa kwanza mambo yalikuwa magumu ajabu. Mvua ilisomba matuta, malaria na kuhara vikaangusha watu, na mwisho wa 1896 reli ilikuwa imefika maili 23 tu. Yaani mwaka mzima, hata Taru bado! Halafu ikaja Nyika ya Taru yenyewe, kavu, yenye miiba, isiyo na maji. Maji yalilazimika kuletwa kwa treni kutoka nyuma. Punda, ng'ombe na ngamia walioletwa kuvuta mizigo waliumwa na mbung'o, wakafa karibu wote.

Mwaka wa 1898 wakafika Tsavo. Habari za simba wawili wa Tsavo mwazijua, sina haja ya kuzirefusha. Walikula watu kwa miezi, kazi ikasimama, vibarua wengine wakadandia treni kurudi pwani. Desemba mwaka huo Kanali Patterson akawaua wote wawili, na hivi sasa wako katika jumba la makumbusho huko Chicago, Marekani. Lakini ndugu msomaji, simba walipata sifa kuliko walivyoua. Katika ile hesabu ya Wahindi 31,983, waliokufa walikuwa 2,493. Ukigawa kwa maili 582 za reli, wapata zaidi ya watu wanne kwa kila maili moja. Wengi wao waliuawa na homa, kuhara na ajali, wala si simba. Fikiria kutoka Makupa hadi Changamwe tu, pengine makaburi mangapi yamo chini ya njia tusiyoijali.

Baada ya kazi, 6,724 kati ya walioletwa walibaki huku. Ndio baadhi ya mababu wa wenzetu tunaoketi nao darasa moja.

NAIROBI YAINYANG'ANYA MOMBASA UKUU

Tarehe 30 Mei 1899 reli ilifika mahali palipokuwa na maji baridi na uwanda mpana, ambapo Wamaasai walinywesha ng'ombe. Hapakuwa na mji. Mbele kulikuwa na mteremko mkali wa Bonde la Ufa. Whitehouse akapiga hesabu yake: hapa ni karibu nusu ya safari, ni tambarare, na baada ya hapa hakuna tena nafasi ya kupanga injini na karakana kabla ya kupambana na milima. Akahamisha makao makuu ya reli kutoka Mombasa hadi hapo, Nairobi.

Uamuzi huo ulikuwa wa kikazi tu. Alitafuta mahali pa kutengenezea injini, hakutafuta mji mkuu. Lakini karakana ilivuta wafanyakazi, wafanyakazi wakavuta maduka, na miaka michache baadaye makao ya serikali nayo yakahama Mombasa yakafuata reli. Mji wetu uliokuwa na historia ya karne nyingi ukapitwa na kambi ya mabati! Ndiyo maana nasema, anayechora mstari wa reli achora na mji.

ZIWANI, NA BILI YAKE

Bonde la Ufa lilihitaji ujanja. Mabehewa yaliteremshwa kwa kamba za chuma katika njia ya muda, huku njia ya kudumu ikijengwa pembeni. Kisha wakapanda milima ya Mau, zaidi ya mita 2,500 juu ya bahari. Hatimaye Desemba 1901 reli iliufikia ukingo wa ziwa, mahali palipoitwa Port Florence, ambapo leo ni Kisumu. Miaka sita tangu Whitehouse ashuke Mombasa!

Na gharama je? Zile pauni milioni 3 hazikutosha. Mwaka wa 1900 serikali ililazimika kurudi Bungeni kuomba nyingine, Labouchere na wenzake wakapata tena la kusema. Mwisho bili ilipita pauni milioni 5.

Deni hilo ndilo lililozaa balaa jingine. Reli ilikuwa tayari lakini mizigo hakuna. Kamishna wa wakati huo, Sir Charles Eliot, akaona dawa ni kuleta walowezi wa Kizungu walime na kusafirisha mazao. Ardhi nzuri ya milimani ikachukuliwa kutoka kwa wenyewe. Kwa hivyo pauni zilitoka London, lakini sehemu ya malipo ilitoka kwa Mwafrika, tena bila kukopa yeye.

MWISHO WA MAISHA YAKE

Mwaka wa 1902 mfalme wa Uingereza alimtunuku cheo, akawa Sir George Whitehouse. Mwaka wa 1903 aliiacha kazi ya reli yetu akaondoka nchini. Alifariki dunia mwaka wa 1938, akiwa na umri wa miaka 80 hivi. Wakati huo Nairobi ilikuwa mji mkubwa, na treni zilikuwa zikipita Makupa mchana na usiku.

Tumhukumu vipi mtu huyu? Kwa upande wa kazi, alikuwa mvumilivu na mpangaji hodari. Alianza na bandari kabla ya reli, na hakukata tamaa maili 23 zilipomchukua mwaka mzima. Wahenga walisema haraka haraka haina baraka. Kwa upande wa pili, alikuwa mtumishi wa ukoloni, na reli yake ilikuwa mlango wa kutawaliwa kwetu. Tusimtukuze kama malaika wala tusimfute kama ambaye hakuwahi kuwako. Alifanya kazi kubwa, na kazi hiyo ilikuwa na wenye kufaidi na wenye kuumia.

MAFUNZO KWETU

Wenzangu, historia haikuishia hapo. Tarehe 31 Mei 2017 reli mpya ya kisasa, ile tunayoiita SGR, ilizinduliwa kutoka Mombasa hadi Nairobi. Hii ni pana kuliko ya Whitehouse, milimita 1,435 badala ya 1,000, na pesa nyingi zilikopwa kutoka Uchina. Maswali yakawa ni yale yale ya Labouchere: itabeba nini, nani atalipa?

Ili ipate mizigo, mwaka wa 2019 likatoka agizo kwamba makontena ya kwenda bara yapande treni. Huku kwetu mambo yakawa moto. Madereva wa malori, makuli, wenye yadi za makontena, mama ntilie wa Changamwe na Jomvu, wote waliona riziki yaondoka, na watu waliandamana mjini Mombasa. Agizo likalegezwa, na mwaka wa 2022 serikali ikaamuru shughuli za kutoa mizigo zirudi bandarini Mombasa. Zamani kambi ya reli ilihamisha ukuu kutoka Mombasa kwenda Nairobi na hakuna aliyeulizwa. Safari hii watu wa Mombasa walisema, na wakasikika. Hiyo ndiyo tofauti kubwa kati ya 1896 na siku zetu.

Na bado lipo la kujadili. Treni mpya iliposimama Miritini badala ya kisiwani, abiria akalazimika kumalizia safari kwa matatu. Ndipo ukaja mpango wa kuunganisha Miritini na stesheni ya zamani ya kisiwani kwa reli. Nairobi ilifungua stesheni ya Syokimau mwaka wa 2012 kwa watu wanaokwenda kazini asubuhi. Dar es Salaam mwaka huo huo ilianza treni ya mjini, wenyewe wakaiita treni ya Mwakyembe kwa jina la waziri wao. Addis Ababa nayo ilifungua reli nyepesi ya umeme mwaka wa 2015. Je, Mombasa, iliyokuwa na vigari vya reli mjini zaidi ya miaka mia moja iliyopita, itakuwa ya mwisho? Wako watakaosema pesa hizo bora zijenge hospitali na maji. Wako watakaosema foleni ya Changamwe yatumaliza. Kila mmoja ana haki ya kusema lake.

Katiba yetu ya mwaka wa 2010 yataka wananchi washirikishwe katika mambo ya umma. Kwa hivyo tangazo la mkutano wa kujadili barabara au reli likibandikwa kwa chifu, tusiseme hayo ni ya wazee. Reli ikishalazwa, hukaa miaka mia. Wazee watakuwa wamekwenda, na sisi na watoto wetu ndio tutakaoipanda au kuilipia. Twende tuulize: yapita wapi, nani anahamishwa, analipwa nini, na faida yabaki kwa nani. Wale Wahindi 2,493 na Waafrika wasiohesabiwa hawakupata nafasi ya kuuliza.

Huo ndio wasifu wa Sir George Whitehouse kwa ufupi. Mwenye la kuongeza au kupinga, mlango wa Chama cha Kiswahili uko wazi, aje tujadiliane. Kwa hayo machache, natia nanga. Wasalaam.